Maghorofa ya Mtemani: Mabaki ya Ujerumani ya Mashariki Kisiwani Pemba na Swali Lililotukuta Huko

Wageni wengi waendao Pemba huenda kwa mambo matatu. Wako wanaokwenda kuzamia baharini karibu na kisiwa cha Misali, wako wanaotaka kuona magofu ya Ras Mkumbuu na ngome ya Mkama Ndume kule Pujini, na wako wanaokwenda kwa sababu tu wamesikia kwamba msimu wa karafuu kisiwa kizima hunukia. Sisi tulikwenda kwa jambo la nne, ambalo lilimshangaza hata yule aliyekubali kutuongoza. Tulimwomba atuonyeshe maghorofa.

"Maghorofa gani, Padri?" alituuliza. Huko Visiwani kila mtumishi wa Kanisa huitwa padri, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mlutheri, nasi hatukuona haja ya kumsahihisha. Tulipomweleza kwamba tunataka kuona nyumba za maendeleo za Mkoani, Chake Chake na Wete, pamoja na kila kilichosalia cha zama zile ambapo Zanzibar ilikuwa na marafiki wengi Ulaya ya Mashariki, alicheka kidogo, akasema kwamba katika miaka yote aliyowatembeza wageni hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba jambo hilo. Yeye ni mwalimu mstaafu. Wanafunzi wetu wanne walimwita Mwalimu, nasi tutamwita hivyo hapa.

Chanzo cha safari hii kilikuwa darasani. Somo letu la Historia ya Kanisa lina sehemu ihusuyo Kanisa la Kiinjili katika Ujerumani ya Mashariki, ile Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani iliyozaliwa mwaka 1949 na kukoma tarehe 3 Oktoba 1990. Kila mwaka tumefundisha habari za vijana walionyimwa nafasi za masomo kwa sababu ya kipaimara, habari za wachungaji waliopelelezwa, na habari za sala za Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, ambazo tarehe 9 Oktoba 1989 ziliishia katika maandamano ya watu wapatao 70,000 bila risasi hata moja kupigwa. Mwanafunzi mmoja aliyekulia Unguja akanyosha mkono, akauliza kama Ujerumani hiyo ndiyo ile iliyojenga nyumba za Kikwajuni, alikozaliwa mama yake. Tulimjibu kwamba ndiyo. Kisha tukatambua, mbele ya darasa zima, kwamba hatukuwa na neno la kuongeza. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeifundisha nchi moja kana kwamba ni nchi mbili: moja iliyowatesa Walutheri wenzetu, na nyingine iliyowajengea jirani zetu nyumba.

Yatupasa kwanza kukumbusha mambo yaliyotangulia, kwa kuwa wasomaji wetu wengi walizaliwa baada yake.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali ya mseto ya vyama vya ZNP na ZPPP, na Waziri Mkuu wake, Mohamed Shamte, alikuwa mtu wa Pemba. Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule chama cha Afro-Shirazi kilikuwa kimepata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Kura zilizoipa serikali ile viti vyake zilitoka Pemba kwa sehemu kubwa. Jambo hili lishikwe vizuri, maana bila hilo historia ya Pemba baada ya Januari 1964 haieleweki. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipiganwa Unguja. Pemba hayakupiganwa, yaliletwa. Yalifika na maofisa wapya, na maofisa wale walishuka gatini wakiamini kwamba wamekuja katika kisiwa cha wapinzani.

Wiki chache baadaye Zanzibar ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kuitambua rasmi Ujerumani ya Mashariki. Kwa taifa lile, ambalo Bonn ilikuwa imeapa kulitenga na kila nchi duniani, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Berlin ya Mashariki ilitaka kuonyesha ulimwengu nini rafiki yake mdogo anaweza kupata, nayo ikaleta wajenzi, walimu, madaktari na washauri. Warusi walileta silaha na wakufunzi wa kijeshi. Hospitali kuu ya mjini Unguja, ambayo leo ni Mnazi Mmoja, kwa muda iliitwa kwa jina la V. I. Lenin. Wachina nao walikuja na madaktari na wataalamu wa kilimo, wakaishi maisha ya chini kuliko wenzao wa Ulaya, na kwa jinsi hiyo wakapendwa zaidi. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulizaliwa katikati ya msongamano huo wa mabalozi.

Mzozo ulifika Dar es Salaam upesi. Bonn ilitaka ofisi ya Wajerumani wa Mashariki ifungwe. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati, akakubali wawe na konseli tu Dar es Salaam badala ya ubalozi. Bonn haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwanzoni mwa 1965. Nyerere naye akawaambia wachukue na ule uliobaki. Kila mtoto wa shule wa zama zetu alifundishwa kisa hicho kama mfano wa heshima ya taifa, na sisi bado tunakiona hivyo. Lakini hatukufundishwa kuuliza watu wa Visiwani waliishije na yule rafiki ambaye kwa ajili yake ugomvi ule ulitokea.

Boti ilitufikisha Mkoani asubuhi. Juu ya gati, kilimani, iko Hospitali ya Abdalla Mzee, ambayo Wachina waliijenga zama zile na kuijenga upya, ikafunguliwa mwaka 2016. Mwalimu alitusimamisha hapo kwa sababu, alisema, wageni hupenda kuanza na kitu kinachofanya kazi. Timu za madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na wazee wa Mkoani huwazungumzia madaktari wa Kichina kama watu wanavyozungumzia misimu: wa mwaka ule alikuwa hodari wa macho, wa mwaka ule hakujua Kiswahili hata neno. Hapakuwa na uchungu katika masimulizi hayo. Tunasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba kila kilichotoka katika nchi za kikomunisti kinakumbukwa kisiwani kwa machozi.

Njiani kuelekea kaskazini gari lilipita kati ya mikarafuu, na hapo Mwalimu alitupa hesabu ambayo hatukuwa tumemwomba. Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, mashamba ya matajiri yakagawiwa watu kwa eka tatu tatu, na mnunuzi wa karafuu akabaki mmoja, serikali yenyewe. Miaka ya 1970 bei ya karafuu katika soko la dunia ilipanda sana. Mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na aliyejaribu kuvusha gunia kwa magendo kwenda Mombasa alihesabiwa kuwa adui wa taifa. Fedha ya karafuu ndiyo iliyojenga. "Watu husema Wajerumani walitujengea," alisema Mwalimu, "lakini saruji ilinunuliwa kwa karafuu. Wajerumani walileta ramani."

Neno hili tumelitafakari sana, na kwa upande wa Pemba tunadhani ni la haki. Unguja, nyumba za mwanzo za Kikwajuni na Kilimani zilikuwa kweli msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na mpango wa mji mpya wa Ng'ambo ulichorwa mwaka 1968 na msanifu wa Kijerumani, Hubert Scholz. Lakini Michenzani, na yale maghorofa ya mashamba na ya Pemba yaliyofuata, yalikuwa kazi ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, kwa fedha yake na kwa mikono ya watu wake, ambao mara nyingi waliitwa kujitolea kwa namna isiyoruhusu kukataa. Mzee Karume alitaka kila Mwafrika wa Zanzibar aishi katika nyumba ya mawe yenye bomba na taa. Si haki kuicheka nia hiyo. Mtu aliyeona vibanda vya makuti vya Ng'ambo wakati wa masika hawezi kuicheka.

Karibu na Chake Chake tulionyeshwa mahali ambapo hatukutarajia kukaa muda mrefu. Ni shule ya sekondari iitwayo Fidel Castro. Jina hilo halikubadilishwa, ingawa ile hospitali ya Lenin iliacha jina lake. Shule hiyo ilizaliwa katika hamasa ya miaka ya mwanzo ya Mapinduzi, zama za Ali Sultan Issa, mzaliwa wa Wete, mkomunisti aliyekuwa ametembea Moscow, Peking na Havana, ambaye alitumwa Pemba kuwa mkuu wa wilaya na kisha akawa Waziri wa Elimu. Katika shule hiyo alifundisha pia kijana wa Mtambwe aliyeitwa Seif Sharif Hamad, ambaye baadaye angekuwa Waziri Kiongozi, kisha mfungwa, kisha kiongozi wa upinzani kwa miaka mingi, na hatimaye Makamu wa Kwanza wa Rais hadi kifo chake Februari 2021. Wanaume hawa wawili, wote Wapemba, walisimulia maisha yao katika kitabu kimoja kilichotolewa mwaka 2009. Ali Sultan alifungwa baada ya kuuawa kwa Karume tarehe 7 Aprili 1972, akahukumiwa kifo, akaachiwa mwaka 1978; na huyo mkomunisti, katika uzee wake, akawa miongoni mwa wa kwanza kujenga hoteli ya watalii Zanzibar. Wanafunzi wetu walicheka waliposikia hayo. Mwalimu hakucheka.

Vitongoji, ambayo nayo iko wilaya hiyo hiyo, hutajwa katika habari nyingine ambayo wachungaji tunapaswa kuijua. John Okello, Mganda wa Lango ambaye sauti yake ilitangaza Mapinduzi redioni, alikuwa ameishi Pemba tangu 1959. Alifanya kazi za uashi na kufyatua matofali, akawa kiongozi wa vijana wa Afro-Shirazi katika tawi la Vitongoji, kisha mwaka 1963 akavuka kwenda Unguja. Okello alikuwa Mkristo. Aliandika mwenyewe, katika kitabu chake cha 1967, kwamba Mungu alisema naye katika ndoto na kumpa kazi ile. Miezi miwili haikupita tangu Mapinduzi kabla hajafukuzwa nchini.

Hapo, mbele ya shule ile, tulifanya kile ambacho walimu wa seminari hatuwezi kujizuia kufanya: tukaanza kufundisha. Tuliwakumbusha wanafunzi habari za Thomas Müntzer, yule mhubiri aliyesema anasikia sauti ya Roho, akawaongoza wakulima hadi Frankenhausen mwaka 1525, ambako waliangamizwa kwa maelfu naye akakatwa kichwa. Luther alimwandika kwa maneno makali yasiyotupendeza leo. Ujerumani ya Mashariki ilimfanya Müntzer kuwa shujaa wake, ikaweka uso wake katika noti ya marki 5. Lakini mwaka 1983, jubilei ya miaka 500 ya kuzaliwa kwa Luther ilipofika, serikali ile ile ikamkumbatia na Luther, na Erich Honecker mwenyewe akawa mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Serikali zisizomwamini Mungu hazichoki kuchagua manabii. Mwalimu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kama huyo Müntzer wetu alipata kuchapwa viboko. Hatukuelewa. Akasema tutaelewa tukifika Wete.

Mtemani ni mtaa wa mji wa Wete. Maghorofa yake yamejipanga juu ya mwinuko, marefu, yenye rangi iliyokwisha, na nyuma yake ni minazi na bahari. Mtu aliyewahi kufika Halle au viungani mwa Berlin ya Mashariki huyatambua kwa mbali: madirisha yale yale yaliyopangwa kwa rula, ngazi zile zile za saruji. Tofauti ni kwamba hapa akina mama wameanika mpunga na karafuu chini ya ukuta, na kwenye baraza za ghorofa ya tatu wamefunga kuku. Mwalimu alitueleza jinsi maji yalivyopanda ghorofani miaka ya kwanza na jinsi yalivyoacha kupanda, na kwamba tangu hapo ngazi zile zimepandwa na ndoo vichwani. Familia nyingi zilihamishwa kutoka nyumba zenye ua, mahali ambapo mwanamke wa Kiislamu anaweza kukaa bila ushungi, zikawekwa katika vyumba ambavyo mlango wake unafungukia kwa jirani. Aliyechora ramani hakujua neno ua.

Mwanafunzi wetu mmoja alianza kupiga picha. Bibi mmoja aliyekuwa akipeta mpunga akainua uso, akamwita.

"Mwanangu, unapiga nini?"

"Shikamoo Bibi. Napiga nyumba."

"Marahaba. Hii nyumba ya watu. Umemwomba nani?"

Kijana akaomba radhi, akaficha kamera. Bibi hakukasirika. Aliuliza tumetoka wapi. Alipoambiwa kwamba tumetoka bara, na kwamba sisi ni watu wa Kanisa, alinyamaza muda, akaendelea kupeta. Kisha akauliza, si kwa kijana tena bali kwetu: "Na nyinyi mmekuja kutazama, au mmekuja kuuliza?"

Tulijibu kwamba tumekuja kuuliza. Akasema basi tukae.

Hatutaandika yote tuliyoambiwa kivulini mwa jengo lile, maana mengine tulipewa kama watu wapewavyo siri, na mchungaji ana wajibu wake. Tutaandika yale ambayo watafiti wamekwisha kuyaandika na ambayo bibi yule na wenzake waliyathibitisha. Mwaka 1964 wanaume wa Pemba, wengine wazee wenye heshima na walimu wa vyuo vya Kurani, walichapwa viboko hadharani mbele ya wake na watoto wao. Hilo ndilo jibu la swali la Mwalimu. Mwaka 1971 serikali ilizuia kuingiza chakula kutoka nje, mchele ukiwamo, kwa nia ya kuwafanya watu wajitegemee. Na kisiwa ambacho chakula bila wali si chakula kikaingia katika foleni za mgao na mihogo, na palipokosekana mihogo, katika mizizi ya porini. Kusafiri kulihitaji kibali. Kwa miaka mingi mgeni hakuruhusiwa kufika Pemba kwa hiari yake. Na mtu aliogopa kuzungumza, hata chumbani, maana kuta za maghorofa ni nyembamba.

Katika jambo hilo la mwisho Wajerumani hawakuleta ramani tu. Wizara ya Usalama ya Berlin ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa walioijenga idara ya usalama ya Zanzibar. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi ile, alifika Zanzibar mwaka 1964 na kuyaeleza hayo katika kumbukumbu zake. Msomaji wa jarida hili anaijua wizara hiyo. Ndiyo iliyoweka wapelelezi katika mabaraza ya Kanisa huko Saxony na Thuringia. Ndiyo iliyofungua barua za wamisionari. Na ndiyo ambayo baadhi ya wachungaji, kwa hofu au kwa tamaa, waliitumikia. Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa Unguja alikuwa ameuliza vizuri kuliko alivyojua. Nchi ilikuwa moja. Mkono uliofungua barua ya mchungaji wa Leipzig na mkono uliomfundisha kijana wa Zanzibar kusikiliza penye ukuta ulitoka katika bega moja.

Twaomba tusieleweke vibaya. Wajerumani hawakumfundisha mtu yeyote kushika kiboko. Utawala wa kikoloni na utumwa vilikuwa vimekwisha kufundisha hilo kisiwani, na hasira ya watu wa mashamba dhidi ya wenye mashamba ilikuwa na sababu zake za kweli. Marafiki wa Quaker walipofungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria, walikuja kwa ajili ya watu waliokuwa bado na alama za pingu. Wajukuu wa watu hao walikuwamo kati ya walioshangilia mwaka 1964. Anayesimulia viboko vya Pemba na kuyaficha hayo, naye anasimulia nusu.

Huko Ujerumani leo utalii wa zama zile ni biashara kubwa. Mgeni hukodi gari dogo aina ya Trabant, akazungushwa Berlin, akapigwa picha. Lakini ipo ziara nyingine. Katika gereza la zamani la Hohenschönhausen, ambalo tangu 1994 ni mahali pa kumbukumbu, wafungwa wa zamani wenyewe wamekuwa wakiwaongoza wageni na kuwaonyesha seli zao. Na nyaraka za wizara ile zilifunguliwa kwa sheria ya 1991, ili kila mtu aweze kusoma faili lake mwenyewe. Msimamizi wa kwanza wa nyaraka hizo alikuwa Joachim Gauck, mchungaji wa Kilutheri kutoka Rostock, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ujerumani kuanzia 2012 hadi 2017. Kanisa lake halikupona kirahisi katika kufunguliwa huko. Lilisoma majina ya watumishi wake.

Pemba hakuna faili la kufungua. Walioonywa wasiseme walifundisha watoto wao wasiseme, na Januari 2001, polisi walipofyatua risasi kwa waandamanaji na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, wazee walisema kwamba walikuwa wanajua. Maridhiano ya 2010 yalileta serikali ya umoja wa kitaifa, jambo jema, lakini yalijengwa juu ya makubaliano ya kutofukua. Hatusemi kwamba makubaliano hayo yalikuwa makosa. Kuna wakati jeraha hufungwa kabla halijasafishwa kwa sababu mgonjwa amepoteza damu nyingi.

Nasi upande wetu? Swali hili ndilo lililotunyima usingizi katika nyumba ya wageni ya Wete, na ndilo tunalotaka kuwaachia wenzetu wa kazi. Tunapenda kusimulia kwamba Injili ilitufikia Kilimanjaro mwaka 1893 kwa wamisionari wa Leipzig. Baada ya 1949 nyumba ya misioni ya Leipzig ilijikuta ndani ya nchi ile ile iliyotuma wajenzi Zanzibar. Hata hivyo kwa miaka yote ile Wajerumani wa Leipzig waliotuombea na Wajerumani waliokwenda Zanzibar hawakukutana, na sisi hatukuuliza kwa nini. Fedha zetu zilitoka upande wa pili wa ukuta. Hospitali yetu ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 kwa sehemu kubwa kwa fedha za Ujerumani ya Magharibi, miaka ile ile ambapo Visiwani maghorofa yalikuwa yakipanda. Kila Ujerumani ilijenga kwa rafiki yake. Tulipokea, tukamshukuru Mungu, na ilikuwa sawa kushukuru. Lakini hatukumwona jirani yetu wa ng'ambo ya mkondo, aliyekuwa akipanga foleni ya mchele, kuwa sehemu ya hesabu hiyo. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini unagusa ungamo la imani lenyewe, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais. Tunajivunia mkutano huo, na inafaa. Kutoka ukumbi ule hadi Pemba ni mwendo mfupi wa ndege ndogo. Hatujakuta mahali ambapo mtu aliutaja.

Yupo atakayesema kwamba Wapemba ni Waislamu, na Wakristo wa kisiwani ni wachache, wengi wao askari na watumishi kutoka bara, hivyo hayakuwa mambo ya Kanisa. Tumelisikia neno hilo hata katika ukumbi wa walimu. Amri ya nane, kama Luther alivyotufafanulia katika Katekisimu Ndogo, haiulizi jirani anasali wapi. Inatudai tusimseme uongo, tusimsaliti, tumtetee. Na kuna namna ya kumsingizia jirani kwa kunyamaza tu: kumwita mkaidi, mpinzani wa Muungano, mtu wa Pemba, bila kutaja alichotendewa. Lugha hiyo tumeitumia, hata mimbarani, hasa wakati wa uchaguzi.

Tulitaka tangu mwanzo kuandika mwongozo mfupi ambao wanafunzi wangeweza kuutumia wanapokwenda Pemba: hapa hospitali, hapa shule, hapa maghorofa, mwaka gani, nani alichora. Tumeuandika, uko ofisini, kurasa nne. Mwalimu aliusoma, akasahihisha majina ya mitaa, akaurudisha kwa barua. Chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameongeza kwa mkono wake jina la bibi wa Mtemani, ambalo hatutalichapa, na namba ya ngazi na ya mlango wake, na maneno kwamba mgeni akifika apige hodi kwanza, asubiri hadi aitikiwe, na kamera ibaki kwenye gari.

Mwaka huu tunapeleka wanafunzi sita. Wawili kati yao wameomba wasihesabiwe katika safari, kwa kuwa baba zao walikuwa polisi Visiwani, na hawajui watajibu nini wakiulizwa. Tumewaambia kwamba hao ndio hasa tunaotaka wapige hodi. Mmoja amekubali.